Filimbi Siku ya Mgeni Rasmi

Mimi si mtu wa kunyamaza, na ndiyo maana akina mama wa kikundi chetu hapa mtaa wa Woodley walinituma mjini kufuatilia pesa za serikali. Zilikuwa za vikundi vinavyozuia vurugu mitaani, na vurugu sisi tulizijua. Dawa yetu ilikuwa filimbi. Kila mwanamke mwenye shida nyumbani tulimpa moja ya plastiki, ya kuficha kifuani. Mume akianza kurusha ngumi, unapuliza, nasi tunatoka na miko na sufuria tunajaa mlangoni mpaka aone aibu. Ilifanya kazi, wacha nikwambie.

Ila kwa jirani yangu mmoja wa laini ya nyuma, ile safu ya nyumba nyuma ya zetu, mama kijana mwenye watoto wawili, haikutosha. Tunamtoa, analala kwangu kwenye kochi, halafu mume anakuja na maneno matamu na yeye anarudi.

"Ningekuwa na chumba changu singerudi," aliniambia siku moja tukichagua maharagwe.

Hicho chumba ndicho tulichoomba. Kodi ya mwaka na vitanda, basi, na wa kwanza kuingia awe yeye.

Weh, ofisi za mjini! Unapanda ngazi kwa sababu lifti imekufa, unaambiwa mwenye muhuri ametoka, rudi kesho. Nilirudi hadi askari wa mlangoni akawa ananiuliza hali ya watoto. Mwishowe afisa mmoja, kijana wa tai safi, akasoma fomu yetu yote mbele yangu.

"Mama, hii kitu yenu ni poa," akasema. "Lakini kabla nipitishe, lazima tukuje tuwaone mkifanya hiyo kazi."

Nilishtuka. "Mtuone vipi? Tungoje mtu apigwe ndio tuwaite?"

"Hapana, mama. Andaeni tu igizo."

Basi tukaandaa. Unatujua na mgeni rasmi: tenti, viti vya plastiki, spika ya kanisa, chapati na kuku. Tukashona vitenge vya sare. Jirani yangu naye tukampa chake, na kiti cha mbele tukamwekea, kwa maana mambo yote haya yalikuwa yake.

Siku yenyewe afisa akaja na mtu wa kamera. Kile kiti cha mbele kilikuwa kitupu, nikajiambia labda ananyonyesha, atafika. Mimi nilicheza mume. Nilivaa koti kubwa na mto tumboni, nikayumba, nikatukana, watu wakacheka mpaka wakajishika mbavu. Mwenzangu aliyecheza mke akapuliza filimbi, na akina mama wakatoka kila upande na miko yao.

Halafu filimbi nyingine ikalia. Ilitoka mbali, upande wa laini ya nyuma. Ilikuwa ndefu, ikakatika, ikalia tena.

Afisa akageuka akitabasamu. "Kumbe mmeweka wengine hadi huko! Hii imeiva!" Akaanza kupiga makofi.

Nasi tukapiga. Jamani, sisi wenyewe, wenye filimbi zetu, tulipiga makofi na vigelegele juu. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye amepanga. Mimi nilidhani mwenyekiti ameongeza kitu bila kuniambia, na hata nikanuna kidogo.

Ile filimbi ikanyamaza. Tukamaliza igizo, tukapakua. Afisa akiwa na paja la kuku mkononi akasema fomu yetu imepita, na tukamwimbia.

Tulikuwa bado tunaimba fundi wa viatu wa laini ya nyuma alipoingia kwenye tenti akihema. "Nyinyi ni watu wa aina gani?" akapiga kelele. "Hamkusikia?"

Nilikimbia na lile koti, na ule mto tumboni. Mlango ulikuwa wazi na mume alikuwa ametoroka. Alikuwa amerudi mchana, akamkuta mkewe kwenye kitenge cha kikundi, anafunga kilemba aje kwetu. Jirani yangu alikuwa sakafuni. Ni kitenge nilichotambua, uso sikuutambua. Mimi, mwenye mdomo wa mtaa mzima, nilibaki mlangoni nimeshika ule mto. Fundi ndiye aliyemwinua.

Hospitalini nilimkuta amefungwa jicho na mkono uko kwenye plasta. Watoto walikuwa kwangu, nikamwambia hivyo kwanza. Kisha nikamwambia pesa zimepita, chumba chake kimepatikana.

Alinigeuzia lile jicho moja.

"Nilipuliza," akasema polepole, "nikasikia mnapiga makofi. Nikaacha kupuliza."