Mita Tano za Juu ya Maji

Lukumani alikuwa mtu wa upondo. Miaka kumi na saba alisimama mbele kabisa ya meli kati ya Stanleyville na Isangi, akichovya mti mrefu uliopakwa rangi na kumpigia kapiteni kelele: mita mbili! Mbili na nusu! Alisoma palipolowa tu. Sehemu kavu haikumhusu mtu. Tena alichovya mara mbili kila mahali, maana mara ya kwanza upondo huweza kugonga gogo. Siku hizi nani anachovya hata mara moja? Meli zinalala mchangani, na watu wanaulaumu mto.

Lakini mvua ilikuwa imemwingia kifuani. Mwaka 1954 daktari alimwambia auache mto. Ofisi ya ramani pale bandarini ilitafuta msaidizi mmoja, na Lukumani alikuwa ameshaanguka mtihani wake mara mbili. Mwezi uliofuata angepita umri wa kupokelewa.

"Baba Nyota, ukianguka tena utarudia mu mvua?" mkewe Mwanahamisi alimwuliza asubuhi ya mtihani wa tatu.

"Nikirudia, utanizika."

"Basi usianguke. Sina kitambaa ya matanga."

Swali la mwisho lilisema: nguzo imesimamishwa mtoni, theluthi yake imo matopeni, robo imo majini, mita tano ziko juu. Ina urefu gani?

Hesabu alijifundisha mwenyewe katika daftari kuukuu, meli ilipokuwa ikipakia kuni. Aliandika:

x/3 + x/4 + 5 = x

Ili kuondoa visehemu alizidisha kwa kumi na mbili, namba inayogawanyika kwa tatu na kwa nne:

4x + 3x + 5 = 12x

Tano ni sawa na 5x. Nguzo ina mita moja.

Akaweka kalamu chini. Kisha, kwa mazoea ya mto, akachovya mara ya pili: nguzo ya mita moja, na mita tano zake ziko juu ya maji! Kicheko kikamtoka.

"He, papa! Kuko nini ya kucheka?" alifoka Édouard, karani msimamizi.

"Nguzo yangu, bwana karani. Inanifika mu kiuno, lakini juu ya maji inanipita."

"Bon, funga kinywa ao utoke."

Lukumani aliinama tena. Matope ameyazidisha, maji ameyazidisha, hata nguzo nzima. Sehemu kavu ameiacha, kama alivyoiacha miaka yote kumi na saba. Tano mara kumi na mbili, sitini.

4x + 3x + 60 = 12x
60 = 5x
x = 12

Akachovya tena. Nne matopeni, tatu majini, tano juu: kumi na mbili. Upondo umegusa chini. Alishusha pumzi ndefu, na safari hii kifua hakikukohoa.

Jina lake lilibandikwa mlangoni Ijumaa. Jumatatu mvua ilinyesha tangu alfajiri, na Lukumani aliisikiliza ikipiga mabati ya ofisi, penseli mkononi, shati kavu.