Nilitumwa kuwachunguza watu wa kuangalia ndege kule Kileleshwa

Niaje wakuu.

Nimekuwa msomaji wa kimya hapa kwa muda mrefu, leo nimeamua kuandika yangu. Majina nimebadilisha kwa sababu bado nakula kwa hii kazi, lakini mambo ni vile yalitokea. Chumvi natia kwa sukuma wiki tu, hapa sitii.

Mimi ni caretaker wa flat moja Kileleshwa. Ndio, ni mwanamke, na ndio, najua kufunga maji bomba ikipasuka na kutoa tenant mlevi kwa lift. Kwetu ni Vihiga. Nakaa kachumba ka ground floor na msichana wangu Sheila. Hiyo nyumba inakuja na kazi, kazi ikienda, nyumba inaenda. Shikeni hiyo point.

Nyuma ya flat kuna kichaka, halafu mto. Ng'ambo ya mto kuna nyumba za mabati, wanakaa watu wa mjengo na familia zao. Katikati kumebaki miti kadhaa mikubwa, mianzi, na takataka. Sisi wa flat tunasema wao ndio wanatupa. Wao wanasema ni sisi.

Sasa, Jumamosi moja asubuhi nikaona mwanamke amesimama kwa hicho kichaka na darubini machoni, ameielekeza juu upande wetu.

Nikamwita kutoka kwa ukuta. "Madam, unaangalia nyumba za watu?"

Akashusha darubini, akacheka. "Hapana mamaa, kuna ndege kwa huo mti wenu. Kuja uone."

Nikajiambia, huyu ni wa kuchorea wezi ramani.

Jumamosi iliyofuata alikuja na kikundi. Na si kikundi cha kawaida wakuu. Kulikuwa na mama wawili wa buibui kutoka Eastleigh, wazungu hakuna, house girls kadhaa wa huku kwetu, mafundi wa ng'ambo na watoto wao, na kijana mmoja kipofu anaitwa Abdi, na fimbo yake nyeupe. Wanatembea polepole, wananyamaza, wanasikiliza, halafu wanaokota chupa na kupanda miche.

Hata Nekesa, anayefanya kazi fourth floor, alikuwa hapo. Nikamuuliza wanalipwa nini.

"Hatulipwi Mama Sheila. Tunatembea tu. Halafu tunaongea vile mvua imebadilika, na vile tunaweza kusaidia mto."

Nani Nairobi anaamka Jumamosi kusaidia mto bure?

Na hapa mniache nieleze kitu. Mimi si mtu mbaya. Lakini hii Nairobi nimeiona. Dada yangu alikuwa na kibanda cha chakula Muthangari. Watu walikuja na miche na T-shirt za kijani, wakapanda, wakapiga picha. Baadaye ikaja mabati pande zote. Baadaye ghorofa. Mpaka leo dada yangu hajui ni nani alimtoa pale. Kwa hivyo mtu akikuja na mche mkononi, mimi naangalia huo mkono mwingine.

Nikamwambia agent. Agent wetu tumwite Mwaniki. Yeye ndiye anasimamia flat kwa niaba ya landlady, mama mzee tunaita Shosh, ambaye haji site kabisa. Mwaniki ndiye aliniajiri. Ni mtu wa suti safi, anaongea polepole.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama Sheila, macho yako ni mazuri. Hao ni land grabbers. Ingia kwa hicho kikundi. Niletee majina, niletee picha. Na uambie tenants wafunge madirisha."

Wakuu, nilijisikia kama mpelelezi wa CID.

Jumamosi iliyofuata nikavaa gumboots nikaingia. Huyo mama wa darubini anaitwa Achieng'. Anafanya kazi ya ofisi town, wiki nzima ako kwa computer. Alinisalimia vizuri sana, na hiyo ikanifanya nimshuku zaidi.

Tulishuka mpaka kwa maji. Sasa hii ni kitu sikutarajia kuandika hapa. Nimekaa hiyo flat miaka na sijawahi kushuka huko. Kule chini kuna baridi nzuri. Jua ya barabarani ilikuwa inachoma, lakini chini ya ile miti ni kama umefungua fridge. Abdi akatuambia tufunge macho. Nikafunga jicho moja, hilo lingine nikabaki nalo kwa kazi.

Nilisikia maji, ndege, mtoto akicheka ng'ambo. Nikakumbuka mto wa nyumbani, na mama yangu.

Nikajikaza. Nikapiga picha za watu kisirisiri nikatuma kwa Mwaniki.

Ilikuwa Jumamosi nyingine, nimebaki nyuma ya wengine nikijifanya nafunga kiatu, ndio nikaona. Miti mikubwa yote, upande ule hauonekani kutoka njiani, ilikuwa na alama ya X, rangi nyekundu, bado inang'aa. Na kando ya mianzi kulikuwa na jiwe la mpaka, simiti mpya kabisa, mtu amelifunika na majani.

Nimewapata! Nikapiga picha nyingi nikamtumia Mwaniki. Nikangoja pongezi.

Alipiga simu kabla hata sijarudisha simu mfukoni.

"Umeonyesha nani hizo picha?"

"Hakuna mtu, boss."

"Futa. Futa zote sasa hivi. Na usirudi huko chini tena."

Sauti haikuwa ile ya polepole.

Nikasema sawa. Lakini sikufuta. Wakuu, nyinyi niambieni. Kama umekuwa ukitafuta ushahidi juu ya mwizi, na mtu amekuletea ushahidi, kwa nini umwambie afute?

Nilirudi nyumbani nikawa naosha vyombo, sahani moja naiosha mara nyingi. Ndio nikakumbuka kwa store kuna mkebe wa rangi Mwaniki alileta, akaniambia ni ya kuchora laini za parking. Parking yetu laini ni nyeupe. Nikaenda nikafungua. Nyekundu. Imetumika nusu, na brashi haijakauka.

Niliketi kwa ngazi za store. Niliogopa, sitadanganya. Mtu niliyekuwa nampelekea majina ya watu ndiye alikuwa ananyemelea hiyo ardhi. Na hao watu aliwataka watoke kwa sababu walikuwa wanapita hapo kila wiki, wanaona kila kitu. Mimi ndio nilikuwa mbwa wake wa ulinzi.

Sasa nifanye nini? Nikinyamaza, nabaki na kazi na nyumba. Nikiongea, naweza kujikuta nje na Sheila na godoro.

Lakini kuna kitu kingine. Mvua kubwa ya kabla ya hapo mto ulijaa mpaka basement yetu. Magari yaliharibika, na ng'ambo nyumba kadhaa za mabati zilibebwa. Kila mtu huku alijua sababu. Huko juu mto unakotoka watu walijaza mawe kwa ukingo wakajenga, maji ikakosa pa kupumzika. Hicho kichaka chetu ndicho kilibaki. Kikikatwa, maji itapumzikia wapi? Kwa kachumba kangu ka ground floor.

Jumatatu nikaenda town kumtafuta Achieng'. Alitoka lunch tukakaa kwa benchi nje ya jengo lao, hawkers wakipita na soksi. Nikamwonyesha picha zote.

Hakushangaa. Alinirudishia simu.

"Kwa nini unaniletea mimi?" akauliza. "Si wewe ndio umekuwa ukitupiga picha? Sisi tulikuwa tunajua. Abdi alikuwa anasikia simu yako ikilia tik, tik."

Nilitamani benchi inimeze.

"Mbona hamkunifukuza?"

"Tulibishana. Mimi nilitaka utoke, sitakuficha. Nilijua umetumwa. Abdi ndiye alisema tukuache, labda siku moja utafunga macho yote mawili."

Nikamweleza ya Mwaniki, ya rangi, ya nyumba yangu. Bado alikuwa na wasiwasi na mimi, na mimi bado nilikuwa na wasiwasi na yeye. Tukakubaliana kitu kimoja tu, kwamba Shosh lazima ajue. Kama Shosh ndiye amemtuma Mwaniki, basi tumeisha. Kama hajui, tuko na nafasi.

Nyumba ya Shosh nilikuwa naijua, iko Muthangari, ile ya zamani ya mawe yenye ua wa miiba ya kei apple. Tukaenda jioni hiyo hiyo. Akatuongelesha kupitia geti, hajafungua.

"Nyinyi ni wa kanisa ama ni wa NGO?"

"Shosh, mimi ni Mama Sheila, caretaker wako."

"Caretaker wangu simjui. Mwaniki ndiye najua."

Nikapitisha simu kwa geti. Akavaa miwani. Akaangalia picha ya kwanza, ya pili, akarudi ya kwanza.

"Mwaniki aliniambia anachimba mtaro wa maji chafu. Akaniletea karatasi nikaweka sahihi."

Akaangalia tena picha ya mti.

"Hiyo miti niliikuta kwa baba yangu nikiwa mdogo. Tulikuwa tunachota maji hapo chini." Halafu akatugeukia vikali. "Lakini pia nyinyi siwajui. Siwaamini. Nitakuja nione kwa macho yangu."

Hakusema lini.

Jumamosi tukashuka kama kawaida. Mimi nilishuka nikijua Mwaniki alinikataza na naweza kuonekana. Hatukuwa tumefika mbali Abdi akasimama, akainua mkono.

"Kuna tingatinga. Haiko kwa barabara. Inakuja huku."

Kweli, ilikuwa inaingia kupitia ploti ya jirani, inavunja ua, na nyuma yake vijana wawili na power saw, na Mwaniki na suti yake. Aliponiona alibadilika rangi.

"Mama Sheila! Panda juu saa hii ama ujihesabu huna kazi!"

Sikupanda wakuu. Nikamwona Nekesa akienda akasimama mbele ya mti mmoja, na apron yake ya kazi. Wale mama wa Eastleigh wakaenda kwa mwingine. Mafundi wa ng'ambo wakavuka maji, wengine na watoto mabegani. Tenants wakaanza kutokea kwa balcony, baadaye wakashuka, wengine na slippers. Watu ambao walikuwa wanalaumiana kwa takataka walikuwa wamesimama bega kwa bega. Hakuna aliyetukana. Hakuna aliyerusha jiwe.

Nami nikaenda kwa mti. Nikaweka mgongo wangu kwa ile X.

Dereva wa tingatinga alikuwa mtu wa makamo. Akatuangalia, akaangalia Mwaniki. Akazima injini.

"Boss, mimi niliambiwa ni kichaka. Sikuambiwa kuna watu."

"Washa! Hao ni wavamizi!"

"Washa wewe," dereva akasema, akashuka na mkebe wake wa chakula.

Mwaniki alikuwa bado anapiga simu hapa na pale wakati Shosh alifika. Alishuka ile njia ya matope na viatu vya kanisa, ameshika mkono wa Abdi, aliyekuwa amepanda kumpokea getini. Sijui ni nani alikuwa anaongoza mwenzake. Alifika kwa mti, akagusa rangi kwa kidole.

"Mwaniki, huu ndio mtaro?"

Mwaniki akaanza na Kiingereza kirefu. Shosh akamkata. "Leta funguo za nyumba yangu."

Hiyo ndiyo ilikuwa mwisho wa Mwaniki kwetu. Tulikuja kujua alikuwa ameshaahidi watu wengine hiyo sehemu kama ploti. Kesi iko mahali pake, sitaisema sana. Shosh naye si malaika, mjue. Aliuliza kama kweli hawezi kupanua parking hata kidogo tu. Achieng' akamwambia ukingo wa mto hata si wake kupanua. Shosh alinuna wiki nzima. Halafu akaanza kuja Jumamosi, anakaa kwa kiti cha plastiki na kulalamika kuhusu matope.

Mimi nilibaki na kazi, lakini Shosh alinitesa kwanza. Alinipigia kila siku kuuliza maswali yale yale, aone kama nitajichanganya. Nilimwelewa. Ningefanya hivyo pia.

Mvua za masika zilipokuja, mto ulipanda tena. Mimi na Sheila tulisimama kwa dirisha. Maji yakaingia kwa kichaka, kwa kuwa takataka zilizokuwa zinayazuia tulikuwa tumeziondoa, yakatanda kati ya miti na mianzi, yakakaa huko. Basement ilibaki kavu. Ng'ambo hakuna nyumba iliyobebwa. Sisemi tumemaliza shida ya hali ya hewa ya dunia. Juu ya mto bado wanajaza mawe. Lakini hapa kwetu, nyumba kwa nyumba, tunatenganisha takataka, maganda yanaenda kwa miche, na watu wa pande zote mbili wanajuana majina. Mtu akitupa kitu kwa maji sasa anaitwa na jina lake.

Kitu nimejifunza: sikuambii uache kushuku watu. Nairobi bila wasiwasi utauziwa hata kivuli chako. Lakini angalia ni nani anaulisha huo wasiwasi wako kila siku, anaunenepesha, anakwambia uendelee. Muulize yeye anataka nini.

Bado nashuku. Wiki jana alikuja jamaa mgeni na kamera kubwa, anasema anapenda mazingira sana. Nikamwomba kitambulisho. Halafu nikampa jembe. Alichimba mashimo mpaka akatoa jasho, kwa hivyo kwa sasa nimemwacha, lakini bado namwangalia.

Wakuu, kwenu kuna mto? Mmewahi kushuka mkaona? Na ukingo umeshikwa na nani? Semeni hapa chini, na wale mtasema hii ni ya NGO, karibuni Jumamosi. Gumboots mje nazo.