Kinywa Chekundu kwa Wakwe

Chekeni tu, lakini hakuna aibu iliyowahi kunipata kama ile ya Ramadhani nilipokuwa Nachingwea, enzi za yale mashamba makubwa ya karanga, nikifanya kazi chini ya Fundi Saidi, mtu ambaye mpaka leo namvulia kofia.

Kazi yetu ilikuwa kujaribu nozeli, vile vidude vya shaba vinavyofungwa mwisho wa bomba la kupulizia dawa, tuone ipi inatoa matone madogo mno yanayochukuliwa na upepo mpaka shamba la jirani. Badala ya dawa tulitia maji ya rangi nyekundu, tukatandaza makaratasi meupe upande unakoelekea upepo, kisha Fundi Saidi anayainamia na lenzi yake, hakimbizwi na mtu (wazungu wenyewe walimsubiri). Sharti lake lilikuwa moja: nozeli ikiziba isafishwe kwa brashi, isitiwe mdomoni.

Siku hiyo lori lilikuwa linatungoja kupeleka vifaa Ruangwa, na njiani tupitie Nandagala kwa Mzee Ausi, tufuturu, nami nipewe jibu kama nitamuoa binti yake Zuhura, Fundi Saidi akiwa ndiye mshenga wangu. Nozeli ya mwisho imeziba, brashi siioni, nikajiambia mara moja tu, nikaipuliza. Ikazibuka na maji yakanirukia kinywani. Nikatema (Mungu shahidi, sikumeza hata tone), nikapanda nyuma ya lori na kujifunga kitambaa usoni kwa ajili ya vumbi, Fundi yuko mbele na dereva.

Tulipofika, wazee wameketi barazani wakisubiri adhana, nami mkwe mtarajiwa nikavua kitambaa, nikawaamkia kwa tabasamu pana kuliko yote niliyokuwa nayo. Mmoja akaguna, mwingine akatazama pembeni, na mimi (sina habari) nikazidi kutabasamu. Kumbe meno, ulimi, midomo, vyote vyekundu kama mtu aliyeshinda akitafuna tambuu.

"Kijana," Mzee Ausi akasema taratibu, "jua bado lipo. Binti yangu siwezi kumpa kobe, mtu wa kula mchana kwa kujificha."

Nikaanza kujieleza, na kila nilipofungua kinywa nilijiharibia zaidi. Niliona Zuhura ananiponyoka hivi hivi, machozi yakanilenga.

Fundi Saidi alingoja jua litue. Adhana ilipotoka alifungua kwa tende, akaenda kwenye lori, akarudi na nozeli na kopo la rangi, akaketi mbele ya Mzee Ausi, akaichovya, akaiweka mdomoni na kuipuliza, yeye aliyetukataza miaka yote. Maji yakamrudia, meno na ndevu zake nyeupe vikawa vyekundu.

"Haya mzee mwenzangu," akasema, "na mimi ni kobe?"

Mzee Ausi alicheka mpaka akashika ubavu, akasema mfungo ukiisha tuje tufunge ndoa.

Rangi ile haikutoka upesi. Siku ya ndoa Fundi Saidi alikaa mbele kabisa na ndevu zake za waridi, watu wanamcheka, yeye ametulia. Tangu hapo sijatia nozeli mdomoni, na mtu akimcheka mshenga wangu mbele yangu, tunagombana.