Siku Mama Alipopiga Vigelegele Mbele ya Kamera Yangu

Nianze na aibu yenyewe, nisije nikaikwepa katikati. Mama yangu mzazi alicheka, akapiga makofi na vigelegele mbele ya watu zaidi ya mia tisa waliokuwa wanamtazama laivu, wakati dada yake wa tumbo moja ameshafariki tangu saa nane mchana, na mwenye kamera nilikuwa mimi. Sasa nichekeni au nitukaneni, vyote nimeshazoea.

Mnajua nilivyokuwa. Nilikuwa na kazi yangu nzuri tu ya steshenari pale Singida mjini, natoa kopi, nachapa barua za watu, nikaiacha kwa sababu ya video moja ya domino iliyopendwa. Domino hizi hizi za kijiweni, ila mimi sizichezi, nazisimamisha kwenye mistari, ukisukuma kipande cha kwanza vyote vinalala kimoja baada ya kingine mpaka picha inatokea. Watu wakaipenda, na mimi nikajiona nimetoboa. Fundi seremala akanikatia vipande elfu tatu vya mabaki ya mbao, nikavipaka rangi mwenyewe uani kwa mama, Mwankoko, mpaka kuku wakawa na madoa ya bluu. Majirani wakimuuliza huyu Elia siku hizi anafanya kazi gani, mama anajibu, "Yuko mtandaoni," kwa sauti ya mtu ambaye mwanawe yuko serikalini.

Basi nikapanga Jumamosi saa kumi jioni niende laivu kwa mara ya kwanza, picha ya jogoo, sebuleni kwa mama, maana ile ndiyo sakafu pekee ya saruji ya niru niliyoijua isiyo na mabonde. Siku nne natambaa kwa magoti. Kazi hii ina kanuni moja, unapopanga unaacha mapengo ili kipande kimoja kikianguka kisiondoke na vingine vyote, halafu siku ya mwisho ndiyo unayaziba. Jumamosi asubuhi nikaanza kuziba. Simu ya mama ilikuwa chini inachaji (ana tabia hiyo, nimeshamwambia mara mia), ikaita kwa mtetemo, mkia wote wa jogoo ukalala. Na aliyepiga ni mtu wa kwaya anaulizia sare! Nikapandwa na hasira, nikaichukua ile simu nikaizima, nikaifungia kabatini; yangu nilishaiweka isipokee simu ya mtu kwa ajili ya laivu.

Mama akaniuliza, "Na wa Kiomboi wakipiga?"

Wa Kiomboi ni mama mkubwa, dada yake pekee, alikuwa amelazwa huko tangu Jumanne.

"Si jana wamesema anakunywa uji?" nikamjibu, tena bila hata kuinua kichwa. "Nitakuwashia mwenyewe tukimaliza."

Akasema, "Haya." Hilo tu, jambo dogo kiasi hicho.

Saa kumi ikafika. Simu yangu iko kwenye stendi, watazamaji wanaingia, mama nimemkalisha kwenye kigoda kule upande wa dirisha, kavaa kitenge chake cha Pasaka, kwa sababu nilitaka yeye ndiye asukume cha kwanza (watu wanapenda mama wa mtu, hilo nilishaliona kwenye komenti). Kati yake na mlango amepangwa jogoo mzima, hata paka hapiti. Ndipo nikasikia hodi.

Alikuwa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, na nyuma yake mzee mmoja wa kanisa letu na mkewe, Mama Neema. Mimi video nilikuwa nimeitangaza mpaka kwa wanakwaya, kwa hiyo nikajua wamekuja kutazama, nikawaambia watazamaji wangu kwa mbwembwe, "Mmeona, hadi wazee wetu wamefika kushuhudia."

Baba mdogo hakucheka. "Elia, zima hicho kitu. Tuna maneno na mama yako."

"Shikamoo baba mdogo. Dakika tano tu. Msikanyage hapo, tafadhali, hiyo ni kazi ya siku nne."

"Elia."

"Dakika tano, baba mdogo."

Sasa kwetu habari ya msiba haitupwi kutoka mlangoni. Mwenye msiba anakalishwa vizuri, wanawake wanakaa karibu yake wanamshika, ndipo mkubwa mmoja anasema. Ndiyo maana walitumwa watatu, na ndiyo maana mmoja alikuwa mwanamke. Kusema wakiwa wamesimama mlangoni, na yeye yuko kule ng'ambo peke yake, hawakuweza, na kumfikia hawakuweza kwa sababu ya vipande vyangu. (Baadaye nilimuuliza baba mdogo kwa nini hakuvikanyaga tu, akasema alimwona shemeji yake amefurahi, miguu ikagoma.)

Mama mwenyewe anawakaribisha kwa kicheko, "Karibuni mwone mwanangu anavyojitesa mgongo." Nikamwambia, "Mama, sukuma." Akasukuma.

Jogoo akatokea, tena vizuri kuliko nilivyotarajia, upanga wa kichwani mwekundu, mkia wa bluu, hakikugoma hata kipande kimoja. Mama akainuka akapiga vigelegele virefu, vile vya harusini, anapiga makofi, ananionyesha kwa wageni kwa kidole kama hawanijui. Nilifurahi mno. Nasema ukweli, ile ndiyo furaha kubwa niliyowahi kuipata kwenye kazi hii, na inanichoma nikiikumbuka.

Mama Neema ndiye aliyeanza kuvuka, anateleza juu ya vipande, akamfikia akamshika mikono yote miwili. Mama bado anatabasamu. Akamtazama yeye, akamtazama baba mdogo ambaye alikuwa ameshavua kofia.

"Ni dada?"

Mama akakaa chini palepale juu ya domino, akalia kwa Kinyiramba, anamwita dada yake kwa jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia. Mimi nimesimama kama mti, na simu inaendelea kurusha. Nilipokuja kuizima, komenti zilikuwa zimejaa vicheko, mtu kaandika mama kazidiwa na furaha.

Niliifuta, lakini wapi, kuna waliokuwa wameshairekodi, wakaiwekea na muziki. Tulipofika Kiomboi video ilikuwa imetutangulia msibani. Wanawake wakawa wanampa mama mkono bila kumtazama usoni.

Siku ya kumaliza tanga ukoo ulikaa kikao, na dada Naomi, binti wa marehemu, akauliza mbele ya wote, "Mama mdogo, mama alianza kukuulizia saa saba. Alitaka akusikie tu. Tumepiga mpaka akakata roho, simu imezimwa. Kwa nini uzime simu na unajua mgonjwa yuko kitandani?"

Mimi nimekaa nyuma ya mama, hatua mbili tu, na mdomo ninao.

Mama akasema, "Niliizima mwenyewe, mwanangu. Kelele zilikuwa zinanisumbua. Nisameheni."

Nikainamisha kichwa.

Domino nimezichoma jikoni zote, video sifanyi tena, na sitamrekodi mtu wa kwetu hata akiniomba. Lakini hayo ni rahisi. Pagumu ni Kiomboi, ambako mpaka leo dada Naomi hapokei simu za mama yangu, na mama hajawahi kunilaumu hata siku moja, anapiga, anasubiri, anakata, anarudi kuchambua mboga. Ninyi ndio watu wa kwanza kuwaambia. Jumatatu napanda basi, nikamwambie Naomi mwenyewe, uso kwa uso.