Chumvi Kisimani kwa Mama Mkwe

Mimi ni mbishi, na ubishi ndio ulionitia katika kazi hii. Miaka ile ya hamsini nilikuwa msaidizi wa bwana afya pale Mbeya. Nilimwambia mkubwa wetu, Mzungu mrefu asiyependa kusumbuliwa, kwamba jalala la mji linatia uchafu kwenye visima vya bondeni. Akacheka. Maji ya chini ya ardhi, akasema, huchujwa na udongo. Nilete ushahidi.

"Nitauleta," nikasema, nikatoka kabla hajaniambia nitoke.

Ushahidi wenyewe ulikuwa chumvi. Pale maji meusi ya takataka yalipokuwa yakizama ardhini nilichimba mashimo matatu, nikamwaga magunia ya chumvi, nikaisukuma chini kwa ndoo nyingi za maji. Hoja yangu ilikuwa nyepesi: chumvi ikitokea kisimani, basi na uchafu unapita njia hiyo hiyo. Kila asubuhi nilishuka na chupa zangu kwenye visima vitano. Nilikuwa na dawa ya matone. Ikikutana na chumvi nyingi, maji hugeuka meupe kama ya kuoshea mchele. Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Wiki ya pili, hakuna. Wenzangu ofisini wakaanza kuniita Bwana Chumvi. Niliwaacha waseme. Mvumilivu hula mbivu.

Jambo moja sikumwambia mtu. Kisima cha tano, upande wa Ilomba, kilikuwa cha mama mkwe wangu. Mke wangu alikuwa huko, amekwenda kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza kama ilivyo desturi, na binti yetu alikuwa na majuma matatu tu duniani. Maji ya kisima kile ndiyo waliyokunywa na kuogea. Lakini kwetu mkwe haangaliwi usoni, wala hasemeshwi ovyo. Nikienda kuchota nilipita nyuma ya migomba, nikajaza chupa, nikaondoka kama mwizi. Ningemwambiaje mwanamke niliyemwogopa kuliko Mzungu kwamba kisima alichochimba marehemu mumewe kinapokea maji ya jalala? Nikajipa moyo: ngoja kwanza ushahidi.

Wiki ya tatu nilikuta wanawake wamejipanga kisimani pale, wengine sijawahi kuwaona. Nikamuuliza mmoja kuna nini.

"We hujasikia? Maji ya huyu mama imeingia chumvi! Mboga unachemsha tu, hutii kitu. Hata ng'ombe wanaipenda."

Chumvi ilikuwa kitu cha kununua dukani, na hapa Mungu anaigawa bure, nani angeiacha? Nikachota, nikatia tone. Maji yakawa meupe palepale. Ndiyo siku niliyokuwa nikiingoja.

Niliingia uani moja kwa moja. Mama mkwe aliponiona akajificha nyuma ya mlango wa jiko, kama ipasavyo. Mke wangu alikuwa mkekani na mtoto. Nikampokea mtoto, nikaupa mlango mgongo, nikasema kwa sauti:

"Mwanangu, mwambie bibi yako chumvi hiyo nimeitia mimi, kule jalalani. Ilikotoka chumvi ndiko unakotoka uchafu wa vyoo na mizoga. Asiwape watu tena maji haya. Na wewe usiyanywe."

Nikasikia mwiko unawekwa chini.

"Mjukuu wangu," sauti ikatoka nyuma ya mlango, taratibu, "muulize baba yako, hiyo jalala ameanza kuishuku lini?"

Mtoto alikuwa amelala. Nikamjibia mimi. "Mwambie bibi, tangu kabla hujazaliwa."

"Na siku ile anamleta mama yako hapa, alijua?"

"Alikuwa hana hakika."

"Sijauliza hakika."

"Alijua, bibi."

"Basi mwambie, kumbe na sisi tulikuwa chupa zake."

Mke wangu akanyoosha mikono, akamchukua mtoto wake. Ubishi wangu wote sikuuona ulikokwenda. Niliona aibu, aibu ya kutamani ardhi ipasuke.

Mama mkwe akatoka. Alinipita uso wazi, akachukua panga, akakata matawi ya miiba na kukifunika kisima cha mumewe huku wanawake wakimlalamikia. Nikamsaidia kuyaburuta. Mchana niliiweka ile chupa nyeupe mezani kwa Mzungu, na safari hii hakucheka.

Kuanzia kesho yake, kabla ya kazi, nilibeba ndoo mbili kutoka kijito kilichoko juu ya jalala, nikazifikisha mlangoni kwake. Nilifanya hivyo kila siku mpaka jalala likahamishwa. Na kila siku mama mkwe alitoka, akanitazama usoni, akachota kikombe kizima katika ndoo ya kwanza, akakinywa yeye mwenyewe. Hapo ndipo alipompelekea mke wangu maji ya mtoto.