Bwawa la Mzee Dawa

Jamani, kuna wivu na wivu. Wa Mzee Dawa ulikuwa wa maji.

Jina la Dawa alilipata kazini, maana maisha yake yote alitunza mabwawa ya kuogelea ya mahoteli. Alipima maji, akatia klorini, akaopoa majani kwa wavu wa mpini mrefu, mpaka wageni wakamsifu. Kuogelea mwenyewe hajui. Na mkewe hakuwahi kuchovya hata kidole kwenye maji hayo, kwa sababu klorini ilimwasha ngozi na kumtoa machozi. Dawa akirudi jioni, sharti aoge kwanza ndipo akaribishwe mezani.

Sasa amestaafu, wanaishi wawili kwenye nyumba yao ndogo huko shamba, na ng'ambo ya ua wa michongoma yupo mdogo wake, mwalimu mstaafu. Si huyo mwalimu akachimba bwawa bustanini! Tena bila saruji wala dawa. Alitandika turubai nene. Upande mmoja kina cha kuogelea, upande wa pili maji ya magotini, kokoto, matete na mayungiyungi.

"Mimea ndiyo itakayosafisha maji, kaka," alisema. Dawa alicheka mpaka akashika mbavu.

Kicheko kilimkauka siku mkewe alipoingia. Maji hayakumwasha. Shemeji yake akamfundisha kuelea, na tangu hapo kila asubuhi anapenya kwenye uwazi wa michongoma, taulo begani, na yale magoti aliyokuwa akiyalalamikia hayatajwi tena. Dawa anabaki na chai inayopoa, anamsikia akicheka. Kicheko gani kile! Kwake hajacheka hivyo tangu watoto wangali wadogo. Hakuwa na shaka na mkewe wala na mdogo wake, na bado roho ilimuuma. Mwalimu wa historia, maji anayajulia wapi?

"Mbona umenuna?" mkewe alimuuliza.

"Sijanuna. Na mimi nachimba la kwangu."

"Kweli, baba watoto? Bila dawa?"

"Bila dawa."

"Hebu apa."

Akaapa. Mkewe naye, uso umemchangamka, akaahidi kwamba hilo likiwa tayari, la ng'ambo hataligusa tena.

Dawa akaita vibarua, wakachimba kubwa kuliko la mwalimu, maana dogo lingekuwa na faida gani? Akatandika, akapanda, akajaza. Basi maji yakageuka kijani kama mboga iliyosagwa. Mdogo wake akachungulia juu ya michongoma.

"Ni kawaida, kaka. Hata langu lilianza hivyo. Subiri mimea ishike mizizi, yatatulia yenyewe."

Hiyo "langu" ndiyo iliyomkera. Subiri! Yeye, ambaye hoteli nzima ilikuwa haifungui bwawa mpaka aseme? Na mkewe alikuwa ameshatangaza kwamba Jumapili anaingia, na shemeji amealikwa kuja kuona. Aje aone uchafu huu, arudi kwake anacheka?

Jumamosi jioni, mkewe akiwa jikoni, Dawa alitoa ndoo ya klorini stoo. Kidogo tu, alijiambia. Lakini mkono wa mahoteli ulikuwa na kipimo chake, ukamwaga vile ulivyozoea.

Jumapili maji yalikuwa meupe pe, kokoto zote unaziona. Dawa alivaa shati lililopigwa pasi.

"Mama watoto! Njoo uone maji!"

Mkewe alitoka na vazi jipya la kuogelea chini ya kanga. Katikati ya njia akasimama. Pua yake ilishajua. Kisha akaona mayungiyungi yamelala, majani yamekuwa ya kahawia, na vyura wanaelea matumbo juu.

"Umetia."

"Kidogo tu, mke wangu. Yalikuwa yanatia aibu. Kijani vile..."

"Ningeingia hivyo hivyo," alisema, wala hakupaza sauti. "Kwani nilipokuambia Jumapili naingia, sikuwa nayaona?"

Akafuta macho. Kama ni klorini au ni kitu kingine, Dawa hakuthubutu kuuliza. Mkewe akajifunga kanga vizuri, akapenya kwenye michongoma.

Dawa akachukua wavu wake wa mpini mrefu, akaanza kuopoa vyura. Ng'ambo alisikia maji yakipigwa taratibu. Akatega sikio asikie kicheko kile alichokichukia, akasubiri mpaka chura wa mwisho. Siku hiyo mkewe hakucheka.