Chumvi ya Katwe Ndani ya Mafuta ya Risasi

Juzi mujukuu wangu alikuwa anayeyusha nta ya nyuki na mafuta ya kupaka nywele. Ile harufu ikanirudisha kwetu Karambi, nikacheka peke yangu.

Baba naye alikuwa anapika nta na mafuta ya mbuzi, lakini ya kupaka risasi zake za kutengeneza nyumbani ili ziteleze ndani ya bunduki, juu nguruwe za pori zilikuwa zinamaliza muhogo yetu. Bunduki ilikuwa ya baba mudogo, mutu wa hasira sana. Baba akaongeza mawese, akaongeza sabuni, akatukana chungu: "Bado! Iko inakosa kitu!"

Mimi mutoto nikafikiri ni kama muchuzi. Alipotoka, nikatia chumvi ya Katwe, ile ya ziwa, mukono muzima. Sikujua chumvi inakula chuma.

Kisha siku chache baba mudogo, mwenye alikuwa anapiga nguruwe na zile risasi, akaleta bunduki, ndani kutu tupu. Akachovya kidole ndani ya chungu, akalamba, akatema. "Chumvi! Mushenzi wewe, unaniharibia bunduki!"

Baba akajibu: "Mushenzi ni wewe, hujui kuisafisha!"

Wakashikana mashati. Nikaingia kati yao na furaha yangu: "Baba, ni mimi niliweka ladha!"

Kofi ile ya baba, wee! Baba mudogo akabeba bunduki yake, hakurudi kwetu tena. Nguruwe ndio zilirudi, kila siku.